Kupima Ukubwa wa Mchezaji wa Besiboli

Namba za mchezaji wa besiboli hazina uzito mpaka ijulikane zilipatikana mwaka gani, na wenzake wa mwaka huo walipata nini. Mwaka 1930 Bill Terry alimaliza msimu na wastani wa kupiga, yaani sehemu ya zamu zake za kupiga zilizofanikiwa, wa 0.401. Mwaka 1968 Carl Yastrzemski aliongoza ligi yake kwa 0.301 tu. Kwa macho matupu Terry yuko mbali sana. Lakini ligi nzima ya Terry, hodari kwa goigoi, ilikuwa na wastani wa 0.303, na ya Yastrzemski 0.230, hivyo kila mmoja aliwazidi wenzake kwa takriban theluthi moja. Mwaka 1968 warushaji walitamba mno, hata msimu uliofuata kilima wanaposimama kikashushwa kutoka inchi 15 hadi 10.

Kwa hiyo swali la kwanza ni pengo kati ya mchezaji na wenzake. Hapo Babe Ruth hana mfano: mwaka 1920 alipiga mipigo 54 ya mzunguko mzima, ile inayomwezesha mpigaji kupita vituo vyote na kurudi nyumbani, na aliyemfuata katika ligi yake alikuwa na 19.

Swali la pili ni wenzake hao walikuwa akina nani, na wengi hulikwepa. Ruth hakukutana na mrushaji hata mmoja Mweusi katika mechi za ligi, kwa kuwa Weusi walifungiwa mlango wa ligi kuu hadi Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947. Josh Gibson, mdakaji wa ligi za Weusi, alifariki mwaka huohuo kabla ya msimu kuanza. Takwimu za ligi hizo zilipounganishwa na za ligi kuu mwaka 2024, wastani wake wa kupiga wa 0.372 uliupita ule wa Ty Cobb, aliyekuwa akiongoza. Ni kweli alicheza mechi chache zaidi zilizohesabiwa, lakini hilo si kosa lake.

Nafasi uwanjani nayo hubadili hesabu. Mlinzi wa kituo cha kwanza asiyejua kupiga hana kazi. Ozzie Smith, aliyelinda kati ya kituo cha pili na cha tatu, alipata mipigo 28 tu ya mzunguko mzima katika misimu 19, na bado anastahili kuitwa mkubwa, kwani alizima mikimbio (alama za mchezo) ambayo wengine wangeiruhusu. Mdakaji huchuchumaa mchana kutwa na magoti humlipisha. Apimwe kwa kulinganishwa na wadakaji wenzake.

Viwanja pia huangaliwa: huko Denver, mji ulio juu sana, mpira huruka mbali zaidi.

Muda wa kucheza na kilele cha mchezaji huvutana. Mrushaji Cy Young alishinda mechi 511. Sandy Koufax, mrushaji mwingine, aliyestaafu akiwa na miaka 30, alishinda 165, lakini katika misimu yake mitano ya mwisho hakuwa na mpinzani. Miaka iliyomezwa na jeshi, kama ya mpigaji Ted Williams, isihesabiwe kuwa udhaifu.

Kwa vigezo hivi vyote, Willie Mays ndiye mgumu kupitwa: mipigo 660 ya mzunguko mzima, ulinzi bora katikati ya uwanja wa nyuma, karibu misimu miwili jeshini, tena mbele ya wapinzani wa rangi zote. Pengo la Ruth ni kubwa zaidi. Ushindani wa Mays ulikuwa mkali zaidi.