Fundi Anayetembea na Simu

Fundi wa simu za intaneti ninayemheshimu kuliko wote Mtwara hafungui kompyuta akifika kazini. Anatembea. Anaitundika besi moja, kile kituo kinachorusha mawimbi ya simu zisizo na waya, juu ya nguzo ndefu ya kubebeka, anaiwasha kwa betri, kisha anashika simu ya kiganjani na kuanza kuzunguka jengo, macho kwenye kioo. Hapo pana namba inayoonyesha nguvu ya mawimbi. Ikishuka chini ya hasi 70 anasimama, anarudi hatua mbili, anaupa ukuta mgongo, anasoma tena. Halafu anainama na kuchora alama ya chaki sakafuni.

Nilimfuata katika ofisi moja ya mizigo hapa Shangani, yenye ghala uani. Wenye ofisi walitaka karani wa ghala aweze kupokea simu ya mteja akiwa katikati ya magunia, asikimbilie mapokezi. Kwa maelezo ya kiwandani, besi moja ya DECT, mfumo wa simu hizo zisizo na waya, hufika mita 300 penye uwazi na kama mita 50 ndani ya jengo, kwa hiyo wengi wangefunga moja mapokezi, wakasaini hati ya malipo na kuondoka. Yeye aligeuza kwanza kila kifaa na kusoma kibandiko chake, kwa sababu simu za aina hii zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia masafa ya megahezi 1920 hadi 1930, na zile za viwango vya Ulaya ni 1880 hadi 1900. Zikichanganywa hazitazungumza kamwe, hata uziweke mezani zikigusana.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: korosho zinaanza kuingia lini? Akajibiwa mwezi wa kumi, minada ikianza. Siku ile ghala lilikuwa tupu na mawimbi yalipita ndani yake bila shida, lakini magunia yakipangwa hadi karibu na dari, karani atakuwa nyuma ya ukuta mnene wa korosho, na ukuta huo hunywa mawimbi. Kwa hiyo akapanga besi ya pili ndani ya ghala, juu ya njia ya katikati, mahali ambapo kipimo cha siku hiyo hakikuidai kabisa. Alikuwa anapima ghala la Novemba akiwa ndani ya ghala tupu. Hapo nilimvulia kofia.

Besi mbili zina sharti lake. Lazima zisikiane zenyewe kwa zenyewe hewani na kwenda kwa saa moja, la sivyo mtu anayetoka eneo la moja kuingia la nyingine atakatikiwa sauti njiani. Kompyuta itaonyesha kila kitu kijani, lakini yeye hakuridhika na kijani. Alimpa karani simu, akabaki mapokezi na nyingine sikioni.

"Mama, naomba uhesabu kwa sauti huku unatembea. Usisimame."

"Nikuhesabie mpaka ngapi, mwanangu?"

"Mpaka ufike mwisho wa ghala."

Mama akahesabu. Mapokezi tukasikia kumi na tatu, kumi na nne, kumi na sita. Kumi na tano haikufika. Fundi akaenda moja kwa moja pale mama alipokuwa anapita wakati ule, mlangoni mwa ghala, penye fremu ya chuma. Akaisogeza besi ya ghala karibu zaidi na mlango, akamwomba mama aanze upya. Wakarudia hivyo hadi namba zote zikafika, na mama wala hakuchoka. Nadhani alifurahi kwamba safari hii mtu anaipima kazi kwa mwendo wake yeye.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja kazi ya lango, kisanduku kinachounganisha simu za ndani na kampuni ya simu kupitia intaneti. Mtu wa nje akapiga kwa majaribio. Sauti safi, mazungumzo mazuri, mara ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Fundi akatazama saa, akasema: "Thelathini na mbili."

Itifaki ya SIP, kama ilivyoandikwa mwaka 2002, inautaka upande uliopokea simu utoe taarifa kwamba umepokea, kisha usubiri uthibitisho. Usipoupata unairudia taarifa, na zikipita sekunde 32 unakata tamaa na kuifunga simu. Kwa hiyo simu inayokufa sekunde ya 32 kila mara haina tatizo la kasi ya intaneti, na kununua kifurushi kikubwa zaidi hakutasaidia. Uthibitisho unapotea njiani. Ni kama barua ambayo rauta imeandika anwani sahihi juu ya bahasha, lakini ndani mwandishi ameomba ajibiwe kwa anwani ya chumbani mwake, ile inayoanza na 192.168, isiyojulikana popote nje ya jengo. Fundi akaliambia lango anwani yake ya nje, akazima kwenye rauta ile huduma inayojidai kuisaidia SIP na mara nyingi huivuruga, na akaliagiza lango litume pakiti ndogo kila sekunde 20 ili rauta isiifunge njia kukiwa kimya. Simu iliyofuata ilidumu hadi wenyewe walipoishiwa maneno.

Ninachokipenda zaidi katika kazi yake ni kwamba mipangilio anayoiacha inaijua nyumba ile. Alibadilisha kila nenosiri la kiwandani, kisha akafunga simu zote za nje ya nchi, maana wezi huingia usiku kwenye mitambo iliyoachwa wazi na kupiga namba za mbali za gharama kubwa mpaka asubuhi. Baadaye akamuuliza meneja anafanya biashara na nani, akafungua tatu tu: Msumbiji, India na Vietnam. Ndiko mizigo inakotoka na korosho zinakokwenda.

Akakataa pia kuweka mtambo wote wa simu kwenye seva ya mbali, ingawa ni rahisi zaidi kwake. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ya Tanzania ikadorora. Mtambo ukiwa ndani ya jengo, mapokezi na ghala huendelea kuongea siku kama hiyo. Laini ya zamani ya shaba, ambayo meneja alitaka ing'olewe, aliichomeka kwenye lango na kuipa kazi mbili: kupiga namba ya dharura 112 hata intaneti ikizimika, na kuita kibandani kwa mlinzi kuanzia saa kumi na mbili jioni.