Jiwe Lionyeshalo Mbili

Kasindi, hatua chache kabla ya kuvuka kwenda Mpondwe, ukimpa mbadilisha pesa noti ya dola 100 anaweza kuimulika kwanza kwa tochi ya urujuanimno. Uzi wa ndani ukiwaka waridi, mnaendelea. Mwanga wa tochi za aina hiyo mara nyingi ni wa nanomita 365. Shika namba hiyo, maana ndiyo inayowadanganya wanaoanza kupima fuwele.

Weka kalisiti safi, nene sentimita moja, juu ya karatasi ya forodha. Neno KASINDI litasomeka mara mbili, picha zikiachana kwa milimita 1.1 hivi. Zungusha jiwe polepole: picha moja imetulia, nyingine inaizunguka kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Rasmus Bartholin wa Denmark aliliandika jambo hili mwaka 1669. Kipimo cha mpasuko huo wa mwanga ni 0.172, cha kwatzi hakifiki 0.01. Hapo mnunuzi mgeni huingiza mkono mfukoni.

Asubiri. Mwanga wa tochi ya noti unapita kwenye kalisiti bila taabu, lakini mwanga ukishuka chini ya nanomita 200 jiwe linaumeza. Floridi ya magnesiamu huupitisha hadi karibu 120, ila mpasuko wake ni 0.012 tu. Nani afanye kazi na huo?

Nguvu ya kalisiti inatoka kwenye vikundi vya kaboni na oksijeni, bapa kama chapati, vyote vimelala upande mmoja. Waunda fuwele walibakiza chapati, wakaweka boroni mahali pa kaboni. Boreti ya bariamu ya aina ya alfa ina pete bapa za boroni tatu: mpasuko wake ni takriban 0.12, na inafika karibu nanomita 190. Kwangu hiyo ndiyo kazi ya fundi. Vanadeti ya itriamu inapita 0.2, inapendeza mezani, lakini inaanza kuufungia mwanga njia karibu na nanomita 400.

Kwa hiyo kabla ya bei namwuliza muuzaji: linafunga wapi? Kisha naligeuza kwenye mwanga wa dirisha nitafute nyufa na mapovu. Boreti ya bariamu hunywa unyevu, nayo mvua ya Butembo haina huruma. Ukiona ukungu usoni mwa jiwe ambao kitambaa kikavu hakiutoi, mrudishie.