Aliyepita Getini Asikabidhiwe Vyumba Vyote

Mei 7, 2021, kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilifunga bomba lake la mafuta lenye urefu wa takriban kilomita 8,850, linalotoka Texas hadi New Jersey na kubeba karibu asilimia 45 ya mafuta yanayotumika pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Wadukuzi walikuwa wamezifunga kompyuta za ofisini wakidai fidia, na kampuni ikaamua kulisimamisha bomba lenyewe kwa tahadhari. Mwezi uliofuata mkurugenzi mkuu, Joseph Blount, aliieleza kamati ya Seneti kwamba wavamizi waliingia kupitia VPN ya zamani, yaani njia iliyosimbwa ya kuufikia mtandao wa kampuni kutoka mbali, iliyodai nenosiri peke yake. Nenosiri lenyewe, alisema, lilikuwa gumu, si la kubahatisha. Wachunguzi waligundua kwamba akaunti iliyotumika haikuwa na kazi tena, lakini hakuna aliyekuwa ameifunga. Kampuni ililipa takriban dola milioni 4.4, na bomba likaanza kurudi kazini Mei 12.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha nenosiri lililovuja, na mafunzo yake huishia kwenye kuwahimiza wafanyakazi watunge manenosiri marefu zaidi. Lakini VPN ile ilifanya kazi yake barabara. Ilisimba mawasiliano ya mvamizi kama ilivyosimba ya mfanyakazi halali, ikamfikisha ndani salama salimini. Ndiyo maana nasema usalama wa kuzifikia seva za kampuni kutoka mbali hupimwa kwa swali moja: aliyekwisha kuingia anaweza kufika wapi? VPN ya kawaida hulijibu swali hilo vibaya kwa sababu imejengwa kama geti la ua. Ukishampita mlinzi, milango ya vyumba vyote i wazi. Mhasibu anayehitaji programu moja ya malipo hupewa anwani ya ndani ya mtandao, na kuanzia hapo kompyuta yake inaweza kubisha hodi kwenye hifadhidata, seva ya barua pepe, seva ya nakala rudufu na hata kompyuta za wenzake. Akiibiwa utambulisho wake, mwizi hurithi yote hayo.

Yaliyoikuta Change Healthcare mwaka 2024 yanaonyesha urithi huo una thamani gani. Kampuni hiyo hushughulikia madai ya bima ya afya Marekani, na ni mali ya UnitedHealth Group. Andrew Witty, aliyekuwa mkuu wa UnitedHealth, aliwaambia wabunge Mei 1 kwamba Februari 12 wahalifu walitumia utambulisho wa wizi kuingia katika lango la Citrix, linalotumika kufungua kompyuta za kazini kutoka mbali. Lango hilo halikuwa na uthibitisho wa hatua ya pili. Programu ya kufunga mafaili ilifyatuliwa Februari 21. Siku tisa za katikati ndizo zenye somo, kwani ndizo walizozitumia kuhama kutoka mfumo hadi mfumo na kunakili data. Fidia iliyolipwa ilikuwa dola milioni 22, na taarifa zilizovuja ziliwagusa takriban watu milioni 190. Ni kweli kwamba hatua ya pili ingeweza kuwazuia langoni. Lakini lango nalo huharibika. Januari mwaka huohuo vifaa vya VPN vya kampuni ya Ivanti vilikutwa na matundu ambayo wadukuzi walikuwa tayari wanayatumia, na moja kati ya hayo lilimwezesha mvamizi kukwepa uthibitisho wote. Wakala wa usalama wa mtandao wa serikali ya Marekani, CISA, uliziamuru taasisi za shirikisho ziving'oe vifaa hivyo mtandaoni ndani ya saa 48.

Google ilifikia mapema hitimisho kwamba geti peke yake halitoshi, tena kwa kuumizwa. Januari 12, 2010 ilitangaza kwamba imeshambuliwa kutoka China na kuibiwa baadhi ya mali yake ya kiakili, katika wimbi lililokuja kuitwa Operation Aurora. Jibu lake, mradi wa BeyondCorp, lilielezwa hadharani Desemba 2014 na Rory Ward na Betsy Beyer katika jarida la chama cha USENIX, na msingi wake ni rahisi kuusema: mtandao wa ofisini usiaminiwe kuliko mtandao wa mkahawani. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Anayeketi ndani ya jengo la kampuni na anayeketi nyumbani wote hupita njia ileile na kukaguliwa vilevile, na VPN kama kibali cha kuingia ndani hukosa kazi, kwa kuwa hakuna tena "ndani" ya kuingia.

Tumfuate, katika mfumo huo, mhandisi mmoja anayefungua programu ya kazini akiwa nyumbani. Jina la programu hiyo limesajiliwa kwenye DNS ya umma, daftari la majina ya intaneti, ila linaelekeza kwenye seva ya kati iliyowekwa mbele ya programu zote. Seva hiyo huitaka kwanza kompyuta yake ioneshe cheti cha kidijitali, ushahidi kwamba ni mashine ya kampuni iliyo kwenye daftari la vifaa. Kisha humpeleka mhandisi kwenye ukurasa wa kujitambulisha, anakotoa nenosiri na hatua ya pili, na kupewa tokeni yenye muda mfupi. Sasa injini ya ruhusa huuliza: mtu huyu yumo katika kundi linalohusika na programu hii? Kompyuta yake imesasishwa? Majibu yakiridhisha, ombi hupitishwa kwa programu hiyo moja. Ombi linalofuata huulizwa maswali yaleyale. Kompyuta iliyochelewa kuweka masasisho hushushwa daraja la uaminifu na kukosa programu nyeti, hata kama mwenyewe ni mfanyakazi wa miaka kumi. Mwizi mwenye nenosiri tu hukwama hatua ya kwanza, na aliyeiteka kompyuta nzima hupata programu chache za mtu mmoja.

Uhamisho haukufanywa kwa usiku mmoja, na naona hapo ndipo penye ufundi. Google ilianza kwa kuorodhesha vifaa vyote na kuvipa vyeti. Ikachunguza kila kazi inahitaji programu zipi, kisha ikarekodi mawasiliano ya wafanyakazi na kuyapima dhidi ya kanuni mpya bila kuzuia chochote. Aliyeonekana kwamba kazi zake karibu zote zingepita bila shida alihamishwa, na aliyetegemea programu isiyokuwa tayari alisubiri. Kampuni nyingi hufanya kinyume: hununua kifaa kwanza, huzima mfumo wa zamani Ijumaa jioni, na Jumatatu asubuhi huwafungulia watu wote njia za panya kwa sababu kazi zimesimama. Njia hizo hazizibwi tena.

Nguzo ya pili, baada ya kuweka mpaka wa mtu anapoweza kufika, ni aina ya uthibitisho. Wengi hujiona wamemaliza kazi wakishaweka namba ya siri inayotumwa kwa SMS. Afrika Mashariki, ambako matapeli wamezoea kusajili upya laini ya mtu na kumkombea pesa zake za simu, ni ajabu kuitegemea laini hiyohiyo ilinde seva. Hata namba zinazotolewa na programu ya kwenye simu huweza kuchotwa na ukurasa bandia. Julai 2022 angalau wafanyakazi 76 wa kampuni ya Cloudflare walipokea ujumbe wa kitapeli uliowaelekeza kwenye ukurasa uliofanana na wa kampuni yao, na watatu wakaandika manenosiri yao. Mashambulizi yalishindwa, kwa sababu kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo wa kuchomeka kwenye kompyuta, nao hujibu anwani halisi ya tovuti uliyosajiliwa kwayo na kuinyamazia nyingine yoyote. Kampuni ya Twilio, iliyoshambuliwa kwa mbinu hiyohiyo kipindi hicho, ilivamiwa.

Msomaji atasema: Google ina maelfu ya wahandisi, sisi tuna kijana mmoja wa IT ambaye pia hutengeneza printa. Pingamizi hili ni zito, lakini linachanganya ukubwa wa mfumo na kanuni yake. Kampuni ya watu thelathini, Dar es Salaam au Kisumu, inaweza kuitekeleza kanuni kwa zana za bure. WireGuard, programu ya VPN iliyomo ndani ya Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020, ina takriban mistari 4,000 ya msimbo na haimjibu kabisa mgeni asiye na ufunguo. Mpe kila mfanyakazi ufunguo wake na anwani yake, kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, iambie ngome ya mtandao kwamba anwani ya mhasibu inafika kwenye programu ya malipo tu. Bila kanuni hiyo ya mwisho umejenga upya geti lilelile. Kwa mafundi wanaoingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuziendesha seva kutoka mbali, funga mlango namba 22 usionekane kwenye intaneti, weka PasswordAuthentication no kwenye faili la sshd_config, na tumia vyeti vya OpenSSH, ambavyo vimekuwepo tangu 2010. Cheti cha saa nane kikiisha muda, mtu aliyeacha kazi hana cha kuingilia hata kama kila mtu amesahau kumfuta. Akaunti ya Colonial ingekufa yenyewe kwa njia hii.

Lipo pingamizi la intaneti yetu. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zikayumba; kampuni ambayo ukaguzi wake wote unafanyika Ulaya ingefungiwa nje ya seva zilizo mtaa wa pili. Hiyo ni sababu ya kuweka lango la kuingilia nchini, mahali ambapo mawasiliano hupitia vituo vya ndani vya kubadilishana data kama KIXP cha Kenya au TIX cha Tanzania. Si sababu ya kuacha ukaguzi. Wengine hudai kwamba kukusanya utambulisho wote kwa mtoa huduma mmoja ni kuhamisha hatari, nao wana ushahidi: Oktoba 2023 Okta, mtoa huduma wa aina hiyo, ilikiri kwamba mfumo wake wa kuhudumia wateja ulivamiwa, na mafaili yaliyoibwa yakatumika kuwashambulia baadhi ya wateja. Nakubali. Ndiyo maana kitambulisho cha mtu hakitoshi bila cheti cha kifaa, na kila programu iwe na orodha yake ya wanaoruhusiwa. Ama wanaosema hawana cha kuibiwa, sheria haziwaungi mkono: Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022 zina sheria za kulinda taarifa binafsi, na daftari la mishahara au namba za simu za wateja tayari ni taarifa hizo.

Kwa hiyo kabla ya kusaini hati ya kununua kifaa kipya, mwombe mtu wako wa IT orodha ya akaunti zote zinazoweza kuingia kutoka nje: ni ya nani, inafika kwenye programu ipi, na ilitumika mara ya mwisho lini. Isiyo na mwenyewe, ifungwe siku hiyohiyo.