Crick, Alice na Fumbo la Fahamu
Francis Crick, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, alichapisha The Astonishing Hypothesis mwaka 1994. Anadai kwamba furaha, huzuni, kumbukumbu na hata hiyo nafsi unayoiita "mimi" ni kazi ya seli za neva tu, basi. Sasa, kama huzuni ya mfiwa ni seli tu, tunampa pole nani?

Sina ugomvi na sayansi yake, nahakiki fani. Ili kutamka dai hilo, Crick anamwazima Alice wa Lewis Carroll, yule anayeiambia mahakama nzima kuwa ni karata tu. Lakini hebu tazama, ndugu msomaji: Alice mwenyewe si karata, ndo maana anaamka. Crick je, anasemea wapi, kama naye ni seli tupu? Sitiari imemsaliti.

Mwaka 1998 mwenzake, Christof Koch, aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers: ndani ya miaka 25 utaratibu wa fahamu ubongoni ungejulikana. Mwaka 2023 Koch alikubali kushindwa, akatoa mvinyo. Wapimaji waendelee kupima. Ila neno "tu", jamani, halijapimwa bado.