Kilifi Usiku: Mji Umefunguka, Tokeni Mle!

Jamani, usiku umerudi Kilifi! Jumatano, tarehe 20 Oktoba 2021, Rais Uhuru Kenyatta alisimama katika uwanja wa Wang'uru, kaunti ya Kirinyaga, kwenye sherehe za Mashujaa, akatangaza kwamba kafyu ya corona iliyotukaba tangu Machi 27, 2020 imeondolewa nchi nzima, papo hapo. Magharibi ya siku hiyo mwezi mpevu ulichomoza baharini, na watu wakatoka. Tangu hapo nimekuwa nikiuzunguka mji huu jioni kwa jioni, kikapu mkononi na njaa tumboni, nikitazama kilichorudi na jinsi kilivyorudi. Naandika haya moyo ukinidunda. Mji mdogo uliopata usiku wake kamili ni mji mwingine kabisa!

Najua yuko atakayeuliza: kwani hatukuwa na ruhusa hadi saa nne usiku? Kwenye karatasi, tulikuwa nayo. Kafyu ilianza kwa saa moja jioni. Juni 2020 ikasogezwa hadi saa tatu, mwisho wa Septemba hadi saa tano, Novemba ikarudishwa saa nne. Lakini muulize anayepika barabarani. Saa nne ilikuwa saa ya kuwa ndani, komeo limetiwa. Kabla ya hapo kuna makaa ya kuzima, sufuria za kuosha, meza ya kwenda kulaza, na tuktuk ya kutafuta ya kwenda Mnarani, Kibaoni au Tezo wakati kila mtu anaitafuta hiyo hiyo. Kwa hiyo mpishi alianza kufungasha saa mbili na nusu, na mteja aliyelijua hilo akaacha kutoka tangu saa mbili. Saa nne ya serikali ilikuwa saa mbili ya mtaani. Saa hizo zilizokatwa ndizo zilizorudi wiki hii, na ndizo zenye utamu wote!

Nianze na shughuli, maana hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Mtu wa kazi anatoka saa kumi na moja jioni. Akifika mjini ana suruali ya kupunguzwa, nywele za kunyolewa, dawa ya mama ya kununua, pesa za kutuma nyumbani na nyanya za kesho. Mwaka mzima na nusu tumeyafanya haya mbiombio, moja leo, jingine kesho, jingine halifanyiki kabisa. Ijumaa hii niliyafanya yote kwa mpigo mmoja! Soko la Oloitiptip lilikuwa bado na kina mama wenye mafungu ya bamia, mchicha na maembe machanga, taa za sola zimening'inizwa juu ya meza. Ajenti wa M-Pesa alikuwa na floti na alikuwa na muda. Kwa kinyozi kulikuwa na foleni, na foleni yenyewe ilikuwa raha: benchi limejaa, redio inanguruma, watu wanabishana kuhusu mpira bila kutupia macho saa.

Fundi wa cherehani akaichukua suruali yangu, akaipima, akaniambia, "Nenda ukale kaka, urudi baadaye, utaikuta tayari." Nenda ukale! Maneno mepesi, na ndani yake mna uchumi mzima wa mji mdogo. Anayesubiri fundi ndiye mteja wa mishkaki. Aliyekuja kula hukumbuka kwamba simu yake haina salio na nyumbani sabuni imekwisha. Shughuli na chakula hapa ni safari moja, na kafyu ilipoikata safari hiyo ilimkata fundi na mpishi kwa pamoja. Sasa wote wawili wamerudishiwa wateja wao.

Basi nikaenda kula. Nikaanza kwa mama karanga, kama inavyostahili. Kwa asiye wa Pwani, huyu ndiye mama anayenunua samaki mchana kwa wavuvi na wachuuzi, akawakaanga, akawauza jioni. Wengi wao hawana friji. Moto wa karai ndio unaomhifadhi samaki, na jioni ile ile ndiyo soko lake. Asipouza usiku, kesho anauza kwa hasara. Sasa fikirieni kafyu ilimfanyia nini mtu huyu. Mteja wake ni mfanyakazi anayerudi nyumbani, na mfanyakazi alikuwa akimpita mbio awahi gari.

Ijumaa hakuna aliyepita mbio. Mama alikuwa kwenye kigoda chake, karai jeusi limekaa juu ya mafiga matatu, mafuta yanachemka hadi kando. Samaki wamekatwa chale tatu kila ubavu, na ndani ya chale mmesuguliwa chumvi, saumu, pilipili na ndimu. Anamshika samaki mkiani, anamteremsha kichwa kwanza, polepole, mafuta yasimrukie, kisha anamwacha. Hamgeuzi hovyo. Anasubiri ile sauti ya mafuta ipungue, ndipo anamgeuza kwa kijiti, na upande uliokuwa chini unatokea umekauka na kuwa wa rangi ya shaba. Nilipoomba mdogo akanitazama. "Chukua huyu mkubwa, mwanangu. Leo hatukimbizani na mtu." Nikamchukua, na sima ya moto, na kachumbari yenye ndimu. Ngozi yake inavunjika kama kaimati iliyotoka motoni, na nyama ya ndani bado ina maji ya bahari. Wallahi, nilikula nikisema peke yangu! Na bahari nayo inasaidia: kusi imepungua, maji yanatulia, wavuvi wanatoka zaidi, na samaki wanaofika mezani ni wa leo.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi kwenye viazi karai. Kiazi kimechemshwa, kimechovywa kwenye uji mzito wa unga uliotiwa binzari, kimeingia mafutani na kutoka cha manjano kama kilivyotakiwa kuwa. Kinapasuliwa katikati, kinamwagiwa ukwaju, na pilipili unaomba mwenyewe kwa kadiri ya ujasiri wako. Kando yake mishkaki, nyama iliyolala kwenye papai bichi na tangawizi hadi ikalainika, inapepewa juu ya makaa na moshi unamwita aliye ng'ambo ya barabara. Chakula hiki ni cha usiku. Wakati wa kafyu niliwahi kuona mishkaki ikichomwa alasiri, jua kali, mchomaji na mlaji wote wanatokwa jasho, maana hapakuwa na saa nyingine. Sasa makaa yanang'aa gizani, upepo wa bahari unapita, na watu wamesimama wakila kwa mkono wakisimuliana habari za miezi. Supu ya pweza iko hapo pia, kwenye bakuli dogo, ya moto, yenye ndimu. Msiikose!

Wanaotaka kukaa mezani nao wamepata chao. Mkumbuke tulikotoka: mikahawa iliporuhusiwa kufunguka mwisho wa Aprili 2020, iliambiwa ifunge saa kumi jioni. Chakula cha jioni kilikuwa kimefutwa kabisa! Na mji wetu siku hizo ulikuwa umefungiwa, kwani kati ya Aprili na Juni mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka kaunti ya Kilifi. Ijumaa hii niliona meza ya familia nzima, bibi ameketi mwanzo wa meza, wajukuu pembeni, sinia la wali wa nazi katikati na samaki wa kupaka juu yake, na mhudumu hajaja kuwaambia wanafunga. Walimaliza kula wakaagiza chai. Chai, baada ya saa nne usiku!

Usafiri nao umejipanga. Matatu zilikuwa zimekwisharuhusiwa kujaza viti vyote tangu Agosti 2021, na sasa zinaweza kusafiri usiku. Kwa mji ulio kwenye barabara ya Mombasa na Malindi, hilo ni jambo kubwa. Steji ina abiria, abiria ana njaa, na mwenye karanga na korosho ana wa kumuuzia. Nenda pia ukasimame kidogo kwenye Daraja la Kilifi, lililochukua nafasi ya feri mwaka 1991. Taa za magari zinavuka hori usiku tena, huku na huku.

Na mzee wa kahawa yupo! Dele lake liko juu ya makaa, vikombe vidogo vinalia mkononi, kahawa chungu yenye tangawizi, na kashata ya nazi kwa anayetaka kuipoza. Kwenye baraza yake ndipo nilipomalizia, nikiwa na suruali yangu iliyopunguzwa, nadhifu, ndani ya kikapu.

Niseme na la tahadhari, kwa sababu naupenda usiku huu na sitaki tunyang'anywe. Corona haijaondoka. Nchini Kenya imeua zaidi ya watu 5,000, na hapa kwetu tumezika wazazi na majirani. Kafyu ilipoondolewa, barakoa ilikuwa bado ni sheria. Nyumba za ibada ziliongezewa nafasi kutoka thuluthi moja hadi thuluthi mbili, hazikuruhusiwa kujaa. Vibanda vingi nilivyopita bado vina ndoo yenye mfereji na sabuni, na hilo linanifurahisha kuliko pambo lolote. Visivyo nayo, viulizeni. Chanjo zimekuwepo tangu Machi 2021. Ambaye hajachanjwa aende, kisha aje tule.

Uamuzi wangu ni huu: kati ya kila kitu nilichowahi kukisifia mjini hapa, hakuna kinachoufikia usiku wa wiki hii. Tokeni! Ziacheni shughuli za mjini hadi jioni, mpeni fundi kazi, kateni nywele, kisha mkale barabarani. Kwa mama karanga msiombe kupunguziwa bei mwezi huu. Amekaa mwaka mmoja na nusu akiuza kwa haraka na kwa hasara. Mlipeni kamili, na chenji mwachieni.