Mlima wa Dirishani, Mlima wa Vichakani

Kama unaishi kandokando ya ghuba ya San Francisco, bila shaka umeshauona mlima Tamalpais mara mia bila kuutafuta. Unauona ukivuka daraja la Golden Gate kwenda kaskazini. Unauona ukiwa kwenye foleni ya magari huku Richmond, jua linapozama nyuma yake. Si mlima mkubwa. Kilele chake cha mashariki, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote, kina mita 784 tu, na Mchaga akiambiwa kuwa huo ni mlima atauliza mlima wenyewe uko wapi. Hata hivyo kilima hiki kimeandikiwa vitabu na mashairi kuliko milima mingi iliyokizidi mara tano, na safari hii tumeamua kukihakiki kitabu kimoja kati ya hivyo, tena kwa miguu.

Kitabu ni Journey to Mount Tamalpais cha Etel Adnan, kilichotolewa mwaka 1986 na Post-Apollo Press, shirika dogo la uchapishaji lililoanzishwa na mwenzake, Simone Fattal, huko huko Sausalito. Tulikichagua kwa sababu mwandishi alikuwa mgeni huku kama sisi. Alizaliwa Beirut mwaka 1925, mama Mgiriki wa Smirna, baba Msiria aliyekuwa ofisa katika jeshi la Waothmani. Alisomeshwa kwa Kifaransa, akaenda Paris, na mwaka 1955 akaja California kusoma Berkeley. Kuanzia 1958 hadi 1972 alifundisha falsafa katika chuo cha Dominican mjini San Rafael, karibu na mlima wenyewe. Baadaye akahamia Sausalito, na huko Tamalpais ulikuwa dirishani mwake asubuhi na jioni. Aliuchora mara zisizohesabika.

Ni kitabu chembamba, insha iliyochanganyika na michoro yake. Humo anasimulia kuwa aliwahi kuulizwa mbele ya kamera ya televisheni ni mtu gani muhimu kuliko wote aliopata kukutana nao, naye akajibu kuwa ni mlima. Jibu hilo ndiyo nguzo ya kitabu kizima. Mengine yote, rangi, ukungu, mawazo juu ya uchoraji na juu ya kuona, yameegemea hapo.

Sisi tulijaribu kulitafsiri jibu hilo kwa ajili ya wazee wetu wasiosoma Kiingereza, tukakwama mahali ambapo Adnan hakukwama. Kwa Kiswahili mlima haupewi kiambishi cha mtu hivi hivi. Mlima umelala, hatusemi amelala. Ukisema “mlima amelala” msikilizaji atadhani umeteleza ulimi, au ni mgeni wa lugha. Basi kila sentensi ya Adnan inamlazimisha mfasiri kutoa hukumu: je, mwandishi huyu ametuonyesha mtu kweli, au ametuambia tu kwamba ni mtu? Tulisoma kitabu mara mbili nyumbani, na mara zote mbili tukaandika “umelala”.

Kosa tuliloliona ni hili. Adnan anautazama mlima kwa jicho la mchoraji, na jicho la mchoraji linataka nafasi. Linarudi nyuma ili lione umbo lote. Anazunguka na gari, anasimama, anatazama, anaandika. Miguu haimshughulishi sana. Tunasoma juu ya mlima wa zambarau na mlima wa kijani, nasi tunakubali, kwa kuwa tumeuona hivyo hivyo tukiwa garini. Lakini mtu hajulikani kwa umbo lake la mbali. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Si yeye wa kwanza. Wenyeji wa siku hizi watakuambia kuwa mlima huo ni msichana aliyelala chali, na watakuonyesha paji la uso, kifua na magoti. Husemwa ni hadithi ya Wamiwok wa pwani, ambao ndio wenye mlima na wenye jina lake. Lakini hadithi hiyo inadaiwa zaidi na watunzi wa Kizungu, hasa tamthilia ya Tamalpa ya Dan Totheroh iliyoonyeshwa mlimani mwaka 1921. Msichana huyo anaonekana kutoka mbali tu. (Wenzetu wa Pemba wanaapa kuwa wanachokiona ni ngalawa iliyopinduliwa. Nao pia wako mbali.)

Basi tulitia kitabu mkobani tukapanda, kwa njia tatu, katika siku tatu tofauti.

Ya kwanza ni ya gari. Unapanda kwa lami hadi maegesho yaliyo chini ya kilele, kisha unatembea kama nusu kilomita kwenye mawe hadi kibanda cha walinzi wa moto kilichojengwa miaka ya 1930. Njia ya mwongo fupi. Ukifika unaiona ghuba yote, unapiga picha, unarudi. Tulifungua kitabu pale juu tukakisoma, na kila neno lilikuwa kweli, kwa sababu tulikuwa bado dirishani.

Ya pili ni tuta la reli ya zamani, linaloanzia Mill Valley. Garimoshi lilipanda hapa kuanzia 1896 hadi 1930, likipinda kona 281, na wenye reli walijisifu kuwa hakuna duniani reli iliyopinda kuliko yao. Sasa vyuma vimeng'olewa na imebaki barabara pana ya udongo, isiyochosha hata mzee wa miaka sabini, maana mwinuko ulipimwa kwa nguvu za injini. Njiani ipo nyumba ya wageni ya West Point, ya mwaka 1904. Ni njia nzuri ya kupiga soga. Tulizungumzia uchaguzi wa nyumbani mwanzo hadi mwisho, na tulipofika juu hapakuwa na aliyekumbuka kutoa kitabu.

Ya tatu ndiyo iliyotuharibia hoja yetu, au tuseme iliyoitengeneza.

Njia ya Temelpa inapanda upande wa kusini mashariki bila kuzungukazunguka. Haina kivuli. Kushoto ni vichaka na kulia ni vichaka, na katikati pana mfereji wa mawe uliochimbwa na mvua ambao ndio njia yenyewe. Pori hilo huitwa chaparali, neno la Kihispania lililotokana na mwaloni mfupi. Wachunga ng'ombe wa zamani walivaa ngozi juu ya suruali ili wapite humo, na hata jina la ngozi hizo limetokana na pori hilo. Ukifika utawaelewa. Kuna manzanita, mti mfupi wenye gome jekundu laini kama lililopigwa vanishi, mbao yake ngumu na matawi yake yamepindana kama vidole vya mzee. Usiusukume, utakusukuma wewe. Kuna chamisi, yenye majani membamba kama sindano na mafuta yanayowaka upesi. Ikiungua juu, chini huchipua upya. Na pembeni, hasa penye unyevu, kuna mmea wa majani matatu matatu ambao mafuta yake yanawasha kuliko upupu. Upupu una uungwana, unakuwasha pale pale ukajua umekosea wapi. Huu unangoja siku moja au mbili, hata umeshasahau safari, ndipo unakudai.

Tulikuwa na shangazi mmoja wa Lushoto, mtu aliyekua akipanda na kushuka milima ya Usambara na mzigo kichwani. Alikuja na sketi ndefu. Kijana mmoja aliyetangulia alikuwa akilalamika kuwa hapa pangefaa panga tu, na mwingine akamkumbusha kuwa hii ni hifadhi, ukikata tawi watakutoza faini. Tukasikia nyuma yetu kitambaa kikichanika. Shangazi alisimama, akaitazama sketi yake, kisha akasema, “Huyu hataki kupitwa juu juu.”

“Nani, shangazi?”

“Si huyu mlima. Kwani yuko nani mwingine hapa?”

Aliyebeba kitabu alisimama pale pale. Neno ambalo mwandishi hakuweza kututoa mdomoni kwa kurasa zote zile, shangazi alilitoa bila kufikiri, kwa sababu ya mwiba. Hakusema “huu”. Alisema “huyu”. Na baada ya hapo, tunakiri, sote tulianza kusema hivyo: ametuchoka, ametufungia njia, atatutoa roho. Hapo ndipo tulipoona kuwa Adnan hakuwa amekosea katika jibu lake. Alikuwa sawa kabisa. Ila ushahidi wake ameuacha kichakani, na kitabu kimeletwa mahakamani bila shahidi.

Kuna jambo jingine ambalo njia hufundisha na dirisha halifundishi. Chaparali haingoji. Mahali pasipofyekwa, matawi hukutana tena na njia hufa. Kila hatua tuliyopiga ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuinama pale kabla yetu. Upande wa kusini ipo njia inayoitwa Matt Davis, na huyo hakuwa tajiri wala mwanasiasa, alikuwa mtengenezaji wa njia, aliyefanya kazi hiyo kwa ajili ya chama cha kuhifadhi mlima kilichoanzishwa mwaka 1912. Kwetu Kilimanjaro imejaa majina ya Wazungu waliofika juu, na waliobeba mizigo tunawaita wapagazi, basi. Tulifurahi kuona mahali ambapo mfyekaji amepewa njia yake. Katika kitabu cha Adnan mtu wa aina hiyo hana kiti.

Mtu atasema tunamdai mchoraji kazi ya mkulima. Labda. Lakini mlima huu huu umepata mwandishi aliyetumia miguu. Mwaka 1965 Gary Snyder, Allen Ginsberg na Philip Whalen waliuzunguka wote kwa siku moja, kwa upande wa mkono wa saa, wakisimama mahali kumi na kusoma dua za Kibudha. Shairi la Snyder juu ya mzunguko huo limo katika kitabu chake cha 1996, Mountains and Rivers Without End. Unaweza kulishika mkononi ukatembea nalo, maana vituo vyake ni mahali halisi, na kilele ni kituo kimoja tu kati ya kumi. Hilo tunalisifu. Hata hivyo tulipolisoma kwa sauti tulijisikia kama watu walioingia katika ibada ya wenyewe. Snyder anajua njia na anajua dua. Mgeni aliyekuja juzi hana nafasi ya kuuliza swali. Adnan anauliza kila ukurasa. Kwa hilo yeye ni wetu zaidi.

Tena kuna la mwisho linalotuzuia kumhukumu kwa haraka. Miaka yake ya mwisho Adnan aliishi Paris, na huko alifariki Novemba 2021 akiwa na umri wa miaka 96. Paris hakuna Tamalpais dirishani. Aliendelea kuuchora, kwa kumbukumbu, vipande vya rangi na mstari mmoja wa juu ambao hakuukosea. Nani kati yetu anaweza kuchora mstari wa mlima wa kwao bila kutazama picha? Tuliulizana swali hilo tukiwa tumekaa juu ya jiwe, tunatoa miiba. Wa Moshi alichora vilele viwili mchangani, akasema hivi ndivyo. Shangazi alikataa kuchora. Alisema milima ya kwao haionekani ukiwa umo ndani yake, lakini akitaka anaweza kutuambia ni kona gani utelezi unaanza.

Kitabu kipo kwa anayetaka kukiazima. Jalada limekwaruzwa na tusilaumiwe. Atakayekwenda Temelpa avae suruali ndefu, achukue maji zaidi ya anayodhani yanatosha, na nguo zote azifue siku hiyo hiyo, kabla ya kukalia kochi la mtu.