Kazi Iliyotangulia Waya

Tarehe 26 Agosti 1971, wakutubi wa Maktaba ya Alden, katika Chuo Kikuu cha Ohio nchini Marekani, walianza kuorodhesha vitabu kwa kompyuta iliyokuwa katika mji mwingine, wakiwasiliana nayo kwa laini ya simu. Siku hiyo walimaliza vitabu 133. Kompyuta hiyo iliendeshwa na OCLC, shirika lililoundwa na vyuo vya jimbo la Ohio mwaka 1967 chini ya Frederick Kilgour, ili maktaba moja ikishakieleza kitabu, nyingine zichukue maelezo hayohayo badala ya kuanza upya. Wengi huusifu mtambo. Mimi naona sifa kubwa ni ya Henriette Avram wa Maktaba ya Bunge la Marekani, mwanaprogramu ambaye hakusomea ukutubi. Yeye na wenzake waliichambua kadi ya katalogi kipande kwa kipande, kila kipande wakakipa namba: 100 mwandishi, 245 jina la kitabu. Bila mfumo huo, uitwao MARC, simu ingesafirisha maneno matupu, na kompyuta isingejua jina la mtu linaishia wapi.

Wapo wasemao kwamba mafanikio hayo hayahamishiki kwenye makumbusho. Kitabu kina nakala nyingi, lakini siwa ya Pate, pembe ya kupulizwa iliyoko Lamu, ni moja tu. Maelezo yake yataazimwa wapi? Ni kweli, nafuu ya kunakili haipo. Inabaki nafuu ya kutafuta: mtafiti wa pembe za kupulizwa anaweza kuuliza makusanyo mengi kwa mara moja, mradi yote yameandika mahali, tarehe na aina ya kitu katika nafasi zinazolingana. Ndiyo maana Dublin Core, orodha ya vipengele vya maelezo iliyoanza kujadiliwa mwaka 1995, ilitosheka na vipengele 15, ambavyo hata taasisi ndogo huweza kuvijaza.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mfumo mmoja hupotosha mambo ya wenyeji. Jina la mshairi Muyaka bin Haji, lilivyozoeleka, halina sehemu ya ukoo. Lakini MARC ina alama ya 0 kwa jina linaloanza na la mtu mwenyewe, na 1 kwa la ukoo. Nafasi ipo, anayekosekana ni mjazaji anayeijua desturi. Na lazima awepo mwanzoni, kwa sababu rekodi yenye kosa hunakiliwa na maktaba nyingi, na mara nyingi marekebisho ya baadaye hayazifikii katalogi za maktaba hizo mpaka kila moja irudi kuichukua upya.